Chakula cha kasuku chenye unga wa dagaa: tathmini ya mfuko wa kilo moja

Mfuko huu niliununua mwezi uliopita kwa shilingi 7,500 katika duka la vyakula vya mifugo, si mbali na Makoroboi hapa Mwanza, na maandishi yake yanaeleza kwamba una alizeti, mtama, ulezi na "unga wa dagaa wa ziwani kwa ajili ya protini". Nilivutiwa kwa sababu kasuku wetu wa kijivu, ambaye marehemu mjomba alituachia pamoja na kibali chake, alikuwa amezoea kula alizeti tupu, na alizeti ina mafuta mengi na kalsiamu kidogo, upungufu unaowapata kasuku wa aina hii kwa urahisi na unaoweza kuwafikisha kwenye degedege.

Wazo lenyewe si baya. Kasuku si ndege wa kuishi kwa nyama, lakini wapo ambao hata porini hudonoa wadudu, na dagaa anayeliwa mzima huleta protini na kalsiamu ya mifupa kwa pamoja.

Kasoro iko kwenye kusaga. Kasuku hali kama kuku: huchukua punje moja, huizungusha kwa ulimi, huimenya, kisha humeza kiini na kuliacha ganda lianguke pamoja na unga wowote ulioligandia. Siku ya tatu niliinamisha sahani yake nikakuta mbegu zimekwisha, na chini limebaki tabaka la vumbi la kijivu lenye harufu ya mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, saa nane mchana. Vijiko 2 vya vumbi hilo nilivikoroga kwenye glasi ya maji, na muda si mrefu mchanga ukatuama chini, jambo lililonifanya niamini kwamba dagaa hao walianikwa ufukweni na si kwenye chanja. Nilipomweleza muuzaji, alinijibu kwa upole, "Lakini mzee wangu, kuku wanaupenda sana." Nadhani hakukosea.

Kwa mwenye kasuku, basi, siupendekezi mfuko huu. Mimi sasa hununua dagaa wa chanja pale Mwaloni Kirumba, wasiotiwa chumvi, nikawasuuza mara kadhaa, nikawachemsha bila mafuta, na kumpa 2 tu, mara 2 kwa wiki, kwa kuwa protini ikizidi nayo huzielemea figo. Humshika dagaa kwa mguu, humkata kichwa kwanza, na mkia humdondoshea paka. Mchicha na karoti hupata kila siku, kwa ajili ya vitamini A ambayo mbegu hazina ya kutosha. Parachichi, hata likiwa limejaa sokoni, haliingii tunduni kabisa, kwani kwake ni sumu.

Unga uliobaki nilimpelekea jirani anayefuga kuku. Jumapili aliniletea mayai 4, na kipande cha moja, kilichochemshwa kikaiva sawasawa, kasuku alikimaliza bila kuacha hata chembe kwenye sahani.