Uzoefu wangu na sendfile ya Nginx: mtandao haukuwa na kosa

Nasimamia seva ya video za masomo kwenye maktaba ya chuo; video zinatumwa na Nginx, programu ya seva ya wavuti. Ni kompyuta ya zamani, prosesa ya kori mbili, kadi ya mtandao ya gigabiti moja. Mwanafunzi mmoja akipakua, mambo safi. Jioni wakishakuwa wengi, video zinakwamakwama. Nikabadilisha nyaya, nikabadilisha swichi, wapi!

Siku moja nikafungua `top`, inayoonyesha matumizi ya prosesa, wakati kumechangamka. Prosesa ilikuwa imejaa, na sehemu kubwa ilikuwa `sy`, yaani kazi ya kerneli yenyewe, kiini cha Linux. Nikaichungulia Nginx kwa `strace`, zana inayoonyesha kila mwito (ombi) ambao programu inaipelekea kerneli. Mistari miwili ilikuwa inajirudia bila kukoma: `pread64` (kusoma faili) baiti 32768, `writev` (kuandika kwenda mtandaoni) baiti 32768. Video ya megabaiti 700 inahitaji mizunguko 22,400 ya namna hiyo, kwa kila mwanafunzi!

Kila mzunguko, data inatoka diski na kuingia kumbukumbu ya kerneli, prosesa inainakili kuipeleka kwa Nginx, Nginx haibadilishi hata herufi moja, kisha prosesa inainakili tena kuirudisha kerneli, kwenye soketi, yaani mlango wa kutokea mtandaoni. Ndipo kadi inaichukua. Yaani maji yanahamishwa ndoo hadi ndoo na hakuna anayekunywa.

Dawa ilikuwa mstari mmoja: `sendfile on;`. Unaiambia Nginx itumie mwito wa `sendfile`, ambao kwa huo kerneli yenyewe inalituma faili kwenye soketi. Linux inao mwito huu tangu toleo la 2.2 la mwaka 1999, lakini Nginx isipoambiwa haiutumii, na mimi faili la mipangilio nililiandika mwenyewe kuanzia mwanzo. Kwa sendfile, data haipiti tena kwenye programu. Kadi ikiwa na uwezo wa scatter-gather, yaani kukusanya data yenyewe kutoka sehemu mbalimbali za kumbukumbu (angalia kwa `ethtool -k`), kerneli inaipa anwani tu za mahali data ilipo, na prosesa hainakili chochote. Jioni ile ile `sy` ilishuka, na kwa mara ya kwanza kilichojaa kikawa waya wenyewe. Nilifurahi mno.

Ila mjue jambo hili mapema. Nilipoweka HTTPS, ambayo inasimba (inaficha) data kabla ya kuituma, mzigo ulirudi. Mstari upo pale pale, lakini `strace` haionyeshi sendfile hata moja, kwa sababu usimbaji unafanyika ndani ya programu, kwa hiyo lazima data ipitie huko. Ikabidi niende kwenye kTLS, ambayo inausogeza usimbaji ndani ya kerneli: Linux 4.13 kwenda juu, Nginx 1.21.4 kwenda juu, na OpenSSL 3.0 (programu ya usimbaji ambayo Nginx inaitumia) iliyojengwa kwa `enable-ktls`. Kuijenga OpenSSL kulinila wikiendi nzima. Kisha `modprobe tls` ili kupakia moduli ya kTLS kwenye kerneli, na kwenye Nginx `ssl_conf_command Options KTLS;`.

Jumatatu jioni nikafungua `strace` tena, wanafunzi wakiwa wamejaa. Mistari ya `SSL_sendfile` huwezi kuiona pale, kwa kuwa hiyo ni kazi ya ndani ya OpenSSL, si mwito wa kerneli, ila chini yake `sendfile` ilikuwa imerudi, inateremka mstari baada ya mstari.