Jagi la lita 20 lililotuaibisha Menengai, na bado silitoi nyumbani

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Jagi letu ni lile kubwa la buluu, la plastiki yenye kuta mbili na povu gumu katikati, mkono wa waya juu, mfereji mdogo mweupe chini. Tulilinunua shilingi 3,600 katika duka moja la vyombo mjini Nakuru, si mbali na soko la Wakulima. Mwenye duka alianzia 4,200. Mume wangu akajifanya anaondoka, mimi nikabaki nikigeuzageuza chujio za chai kama mtu asiye na haraka, na kabla hajafika mlangoni bei ilikuwa imeshuka. Hiyo ilikuwa Machi. Sasa tumekaa nalo miezi minane, na limeshafanya kazi ambazo aliyelitengeneza hakuziwazia kabisa.

Tulilinunulia maji. Wenzangu wa Nakuru hamhitaji kuelezwa: maji ya visima vingi vya huku yana floridi nyingi, na mimi mwenyewe niliyekulia Bahati nina alama yake ya kahawia kwenye meno mawili ya mbele. Kuyachemsha hakusaidii kitu, mvuke unaenda zake na floridi inabaki kwenye sufuria. Kwa hivyo tunanunua maji yaliyochujwa, na mvua ikinyesha tunakinga. Kama chombo cha kuwekea maji, sina neno. Maji hayanuki plastiki, mfuniko unafunga vizuri, mtoto wa jirani anafikia mfereji. Anayetaka jagi la maji tu anaweza kuishia hapa, akanunue.

Sisi hatukuishia hapo.

Mume wangu kwao ni Butere. Kukhu wake, yaani nyanya yake, amepika busaa, ile pombe ya unga wa mahindi na wimbi, tangu kabla baba mkwe hajazaliwa. Guka wangu naye, yaani babu, kule Bahati, alikuwa na kibuyu cha muratina, pombe ya asali, ambacho hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukigusa. Alichanganya asali na maji, akatia lile tunda kavu la muratina ambalo hamira inalala ndani ya nyuzi zake, kisha akakiweka kibuyu karibu na moto. Tulipooana, mambo mawili yalitukutanisha zaidi ya mengine: kulala nje kwenye hema, na kuchachisha vitu ndani ya nyumba. Mama mkwe husema tungekuwa tumeshapata mtoto kama tungeacha kulala porini na kuamka usiku kuangalia ndoo. (Shikamoo, mama, ukisoma hii.)

Sasa, shida ya Nakuru kwa mtu anayechachisha ni baridi. Mji huu uko karibu mita 1,850 juu ya bahari. Mwezi wa saba, nyumba yetu ya Kiamunyi huamka na nyuzi 15 au 16 sebuleni, na hamira ikipata baridi hiyo inalala kama mwanafunzi wa bweni siku ya Jumapili. Guka alikuwa na moto usiozimika. Sisi tuna meko ya gesi ya kilo 6 na mwenye nyumba asiyependa moshi. Kwa miaka miwili tulikuwa tunaifunga ndoo kwa blanketi, tunaisogeza nyuma ya friji, na tangawizi yetu ya kunywa, ile ya kuchachisha, iliyopaswa kuwa tayari kwa siku mbili inachukua tano na kutoka na ladha ya maji ya sukari.

Ni mume wangu aliyelitazama jagi jikoni usiku mmoja akaniambia, “Mama, kile si themosi tu? Themosi kubwa?”

Tukajaribu. Tulitengeneza tangawizi moja, tukaigawa: nusu kwenye ndoo yetu ya zamani, nusu kwenye jagi, zote zikiwa nyuzi 28 saa mbili usiku. Nina kipimajoto cha jikoni, kile chenye ncha ndefu. Saa kumi na mbili asubuhi ndoo ilikuwa 18. Jagi lilikuwa 24. Sikuamini, nikakitia tena. Nyuzi 24, na ukitega sikio kwenye mfuniko unasikia kabisa, tss, tss, kama mtu anayenong'ona na amefunga mdomo. Jioni, ile ya jagi ilikuwa na povu la kidole kizima. Ya ndoo ilikuwa inakodoa macho tu.

Kwa hivyo kipimo changu cha kwanza ni hicho, na ndicho kikubwa: kwa kutunza joto, jagi hili ni bora kuliko kitu chochote tulichowahi kutumia, blanketi ya harusi ikiwemo.

Kwa wanaotaka kujua tunavyofanya: kilo moja ya tangawizi mbichi, iliyokwaruzwa na maganda yake, lita 15 za maji, kilo moja na nusu ya sukari, ndimu nane, kijiko kimoja cha chai cha hamira. Tangawizi na sukari tunachemsha kwenye maji kidogo, halafu tunaongeza maji baridi mpaka mchanganyiko uwe vuguvugu. Hapo ndipo unatia hamira na kumimina kwenye jagi. Usimimine kitu kinachochemka. Kuna stika imebandikwa chini ya jagi, ndogo sana, inayosema hivyo, na sisi tuliisoma baada ya ukuta wa ndani kuvimba upande mmoja kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Uvimbe huo upo mpaka leo. Hauvuji, lakini unaniudhi kila nikisugua.

Sasa mfereji.

Mfereji wa jagi hili ni takataka, na silipunguzi neno. Ni wa kubofya, plastiki nyembamba, na ndani kuna raba moja laini kama ufizi. Maji safi yanapita. Kitu chenye mashapo kikipita, nyuzi za tangawizi zinakaa kati ya raba na tundu, na kuanzia hapo unadondoka, tone moja kila sekunde kadhaa, usiku kucha. Asubuhi ya kwanza nilikanyaga sakafu slipa ikanata.

Tukarudi dukani. Mwenye duka alikuwa mpole, akatupa viti, akatuuliza habari za nyumbani, kisha akanionyesha kwa kidole maandishi ya chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia sirudishi mali, nataka mfereji mzima. Akasema mfereji ni sehemu ya mali. Nilicheka kwa sababu nilikuwa nimechoka. Duka silitaji, na vyombo vyake vingine sina ubaya navyo.

Busaa nayo ilikuwa na mambo yake. Busaa si ya kuharakisha: unga wa mahindi unakandwa na maji na kuachwa siku kadhaa uchachuke, halafu unakaangwa kwenye bati au karai mpaka uwe wa kahawia na harufu yake ifike barabarani, ndipo unatiwa maji na kimea cha wimbi. Mume wangu alikaanga kwenye baraza, akijipepea na gazeti, na majirani watatu walikuja kuuliza kuna nini, kila mmoja akiwa ameshika kikombe. Alipompigia kukhu simu kumweleza kwamba safari hii itachachukia kwenye jagi la plastiki lenye mfereji, kulikuwa na kimya kirefu. Kisha: “Mfereji? Busaa inatoka kwa mfereji kama maji ya kanjo?” Alicheka mpaka akaanza kukohoa. Halafu akaniomba mimi nije kwenye simu. “Bibi yetu, chungu kinapumua. Hicho chenu kinapumulia wapi?”

Ningemsikiliza vizuri, nisingekuwa na habari ya Menengai ya kuwasimulia.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane. Tulikuwa sita, mahema matatu, tunaenda kulala karibu na ukingo wa kreta ya Menengai, lile shimo kubwa la volkano juu ya mji. Tangawizi ilikuwa na siku moja na nusu, bado inafanya kazi, na nikaona ni upuuzi kuihamishia kwenye chupa wakati jagi lenyewe lina mkono wa kubebea. Nikafunga mfuniko. Nikaukaza. Nikauongeza kidogo kwa goti, ili usimwagike njiani. Tukalipakia nyuma ya Probox ya rafiki yetu, juu ya mifuko ya kulalia, kwa sababu mahali pengine hapakuwepo.

Kutoka mjini hadi juu si mbali, lakini mnaijua barabara ile ikishaacha lami. Jua la saa saba linapiga kioo cha nyuma, gari linarukaruka, na mle ndani hewa ya hamira inajikusanya na haina pa kutokea. Kwanza tulisikia mluzi mwembamba. Dereva akadhani ni tairi, akasimamisha gari. Alipozima injini, mluzi ukazidi. Mume wangu alikuwa anafungua mlango wa nyuma mfereji ulipong'oka mzima, ukampita sikioni, na tangawizi ikafuata ikiwa imenyooka kama mkojo wa ng'ombe. Kabla hatujalisimamisha jagi vizuri na kuziba tundu kwa kidole, lita sita au saba zilikuwa zimeingia kwenye mfuko wa kulalia wa mwenye gari.

Hakugomba. Alisema tu, taratibu, “Na bado ni moto.”

Usiku tulilala juu ya ukingo, zaidi ya mita 2,200, upepo unatoka shimoni, mbali kule chini moshi mweupe wa visima vya mvuke unaonekana kwa mwanga wa mwezi, na kutoka upande wa mapango tulisikia sauti za watu wanaosali, zikipanda na kushuka. Ni mahali ambapo mtu anapaswa kunyamaza. Saa nane za usiku sisimizi wakali walifika. Walikuwa wameifuata sukari, na hawakuchagua hema. Sita tulisimama nje tumevua soksi, tunajipiga mapaja, huku watu wa mapangoni wakiendelea kumwomba Mungu. Mwenye gari alilala amejifunga turubai.

Kosa la kukaza mfuniko ni langu, nimekubali na nimeshanunua mfuko mpya wa kulalia. Lakini mfereji unaobanwa na nati ya plastiki yenye nyuzi tatu tu haustahili kuitwa mfereji. Jumatatu nilikwenda duka la hadiwea nikanunua mfereji wa shaba wa nusu inchi, nati yake, raba mbili nene na ile tepu nyeupe ya mafundi wa mabomba. Yote haikufika shilingi 700. Fundi wa mtaani alipanua tundu kidogo kwa kisu kilichopashwa moto, akaweka raba moja ndani na nyingine nje, akakaza, akakataa pesa akaomba tangawizi. Tangu siku hiyo halijadondosha hata tone. Ndani tumefunga kipande cha neti ya mbu kwenye mdomo wa mfereji, mashapo yanabaki upande wao.

Mambo madogo mengine. Mkono wa waya unakata vidole. Jagi likijaa linapita kilo 20, na kale kabomba ka plastiki kanakozunguka waya huteleza kando. Tumeuzungushia kipande cha tyubu ya baiskeli. Harufu inakaa: baada ya busaa, maji yalinuka unga wa kukaanga wiki mbili, magadi hayakusaidia, ndimu ilisaidia kidogo. Sasa maji yana jagi lake jingine, na hili limekuwa la kuchachishia na safari tu. Tulipokwenda Hell's Gate na baiskeli tuliliacha kambini limejaa maji ya baridi ya asubuhi, tukarudi saa tisa tukiwa na vumbi mpaka kwenye kope, na maji bado yalikuwa ya kuuma meno. Hapo nilimsamehe kidogo aliyelitengeneza.

Msinunue ikiwa hamna nia ya kubadilisha mfereji siku ileile. Msinunue la lita 10 mkidhani mtaokoa pesa. La rafiki yetu linapoa upesi zaidi. Na mfuniko, likiwa na kitu kinachochacha ndani, uzungushe mpaka ushike, kisha uurudishe nyuma nusu. Ninapoandika, lipo hapa pembeni ya kochi na kitambaa juu yake, linanong'ona. Mume wangu amempigia kukhu kumwambia sasa linapumua. Amesema atakuja Desemba alione mwenyewe, na tumtafutie mrija mrefu, yeye hawezi kunywa kwa mfereji.