Ramani ya Scotland kwa muuza vitabu vya mtumba, Malindi

Mimi ni mtu wa mashua, milima siijui, lakini ramani hii ya nyanda za juu za Scotland siijutii. Pale mlima Ben Nevis, mita 1,345, mistari ya mwinuko imebanana mpaka karatasi imekuwa kahawia. Kilichoniteka zaidi ni lile bonde lililonyooka toka Fort William hadi Inverness: ardhi ilipasuka, maziwa yakajipanga ndani ya ufa, Loch Ness likiwamo, na mfereji uliofunguliwa 1822 ukayaunganisha. Yaani chombo kinatoka bahari hii hadi ile kikipita katikati ya milima! Karatasi nzito. Ila mkunjo umechanika pale pale kisiwa cha Skye, na maandishi madogo mno, mke wangu ndiye hunisomea. Shilingi mia tatu, baada ya kuvutana.