Sinema Kigoma msimu wa mvua: mia tano yako uiweke wapi

Kila mwaka mwezi wa kumi ukifika napata swali lile lile kutoka kwa wadogo zangu wanaohamia huku kikazi: "Kaka, Kigoma mnaangalia wapi muvi?" Wametoka Dar, wamezoea tiketi ya kuchapwa na kiti cha kulalia. Huku hayo hayapo. Kuna mabanda ya video, kuna projekta za kukodi, kuna ving'amuzi, kuna maduka ya kujaziwa flash, na kuna bando la simu. Zote nimezilipia hela yangu. Nazipanga hapa kuanzia ile ambayo ningekutuma kwanza.

Orodha hii ni ya Oktoba hadi Desemba tu. Ungeniuliza Julai ningeipanga vingine. Sisi hatuna vuli na masika zinazopokezana kama watu wa pwani: mvua ikishaanza Oktoba au Novemba, ndiyo hiyo hiyo mpaka Aprili au Mei. Na picha utakayoiona msimu huu, mvua ina kauli kubwa juu yake kuliko mwenye banda.

Namba moja: banda, ila chagua kwa kuangalia juu

Kibanda umiza, ndivyo watu wanavyoliita, na jina halikuonewa. Benchi la mbao lisilo na egemeo, goti la mtu wa nyuma mgongoni mwako, blanketi kwenye dirisha ili mwanga usiingie, na kwa hiyo upepo nao hauingii. Bado naliweka la kwanza, na sababu ni mtafsiri, ile sauti ya Kiswahili inayosimulia juu ya picha.

Asiyewahi kuingia anadhani mtafsiri anamsaidia asiyejua Kiingereza au Kichina. Hiyo ni kazi yake ndogo. Ufundi wenyewe uliingia nchini kwa mfano wa Waganda, na hapa Lufufu wa Dar es Salaam ni kati ya waliotangulia kuupa jina; leo madijei wa kutafsiri ni wengi na kila banda lina anayependwa. Jambazi anasukumwa kutoka ghorofani, kwenye picha yenyewe hakuna anayesema neno, lakini mtafsiri hanyamazi: "Huyooo, anashuka bila ngazi. Na asubuhi mkewe alimwambia pumzika." Banda zima linacheka, hata mama wa karanga aliyekaa mlangoni ambaye hajaona kitu. Kwa mia tano umenunua picha mbili, ile ya Hong Kong na ile ya mtafsiri, na mara nyingi ya pili ndiyo nzuri.

Sasa namna ya kuchagua. Watu wanauliza TV ni inchi ngapi. Wewe ukishaingiza kichwa mlangoni, tazama juu. Kama ni bati tupu, rudi nyumbani au omba jua.

Nasema hivi kwa uchungu. Novemba moja niliingia banda fulani upande wa Mwanga, jina nalihifadhi, kuangalia picha ya upelelezi. Zilibaki kama dakika 20 mvua ikashuka juu ya bati. Mwenye banda akapandisha sauti, spika ikaanza kukoroma, akapandisha tena. Mwisho tukawa tunatazama midomo ya wapelelezi inavyofunguka na kufungwa. Aliyemuua yule mzee mpaka leo simjui. Tulipodai tupunguziwe angalau kwa picha ya kesho, tukajibiwa, "Mvua ni ya Mungu, ndugu zangu." Hoja hiyo haina rufaa.

Kwa hiyo, dari. Ya jipsamu sijawahi kuiona bandani, wala huihitaji. Viroba vilivyoshonwa, maboksi yaliyobanwa kwenye mbao, hata turubai lililovutwa chini ya bati, vyote vinapunguza kishindo mpaka ukasikia maneno. Ukishaona dari, angalia mlango. Mlango mmoja, watu sitini, nyaya zimening'inia juu ya vichwa: hapo kaa benchi la karibu na kutokea, hata kama utaona skrini kwa ubavu. Na uliza kama kuna jenereta. Kigoma iliishi kwa majenereta ya dizeli miaka mingi kabla ya gridi ya taifa kutufikia, kwa hiyo wenye mabanda wa zamani wengi bado wanalo. Wapya ndio wanaokuacha gizani.

Kisha kuna ubao wa nje, ule wa chaki. Usitegemee jina la picha. Utakuta SAA 8 MKOREA SIZONI (yaani tamthilia ya vipindi), SAA 10 VANDAME (yoyote ya Van Damme), na chini yake, kwa herufi kubwa kuliko zote, mpira. Mpira ndiye bosi wa banda. Filamu inapewa mabaki ya saa. Na hapa pana jambo ambalo wageni hawalijui. Uingereza hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, sisi hatugusi zetu. Mechi za Jumamosi ambazo Septemba zilikuwa zinaanza saa 11 jioni, Novemba zinaanza saa 12. Ile ya mapema inatoka saa 8:30 mchana kwenda saa 9:30, ya usiku kutoka saa 1:30 kwenda saa 2:30. Zile za katikati ya wiki za Ulaya, zinazoanza kwetu saa 4 usiku, zinasogea hadi saa 5. Ukijumlisha, Novemba na Desemba mchana wa Jumamosi unapata saa nzima ya ziada ya filamu kabla ya kufukuzwa na mashabiki. Jumanne na Jumatano unamaliza picha ya saa 2 usiku bila mtu kukusimamia kichwani na skafu. Mwenye banda mwenye akili hupanga picha ndefu za Kihindi kuanzia hapo. Asiye na akili anakata Mhindi kwenye wimbo wa mwisho.

Watoto? Mchana, Jumapili, na mtu mzima. Bodi ya Filamu hupanga madaraja ya umri, lakini chaki ya ubaoni haiandiki daraja, na sizoni ikishaanza hakuna wa kuisimamisha.

Namba mbili: projekta ya kukodi

Hii inataka watu. Peke yako ni hasara. Mkiwa ishirini wa mtaa mmoja mkachangishana, kila mtu anatoa kidogo na mnachagua picha wenyewe. Wenye nazo ni wale wanaokodisha muziki kwenye harusi na vipaimara, na katikati ya wiki projekta zao zimelala, kwa hiyo bei inaongeleka.

Makosa ni matatu. La kwanza ni saa. Kigoma tuko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa yetu ni ile ile ya Dar, hivyo Oktoba jua lao linazama kama saa 12:15 na letu linakaribia saa 1 kamili. Ukiwaalika watu saa 12:30 kwenye uwanja wazi utawaonyesha shuka jeupe. Anza saa 1:30. La pili ni hilo shuka: likiwa jepesi nusu ya mwanga inapita upande wa pili na kuwaburudisha majirani. Likunje mara mbili, lipige pasi, au tumia ukuta uliopakwa chokaa karibuni.

La tatu ni mashine yenyewe, hasa ukiamua kununua yako. Boksi litaandikwa lumeni maelfu, yaani nguvu ya mwanga. Tafuta penye neno ANSI au ISO, maana ndivyo vipimo vyenye utaratibu. Namba isiyo na mojawapo muuzaji anaweza kuwa ameiota. Vilevile "inakubali 1080p" maana yake inapokea picha ya ukubwa huo, kisha inaishusha kwenye kioo chake ambacho huenda ni 800 kwa 480. Uliza kioo chenyewe ni cha ngapi. Kabla hujalipa, iwashe dukani mchana, mlango wazi. Kama huoni kitu, usikubali kuambiwa "usiku itatoka."

Na mvua? Barazani, au ukumbi wa shule kwa ruhusa. Banda mvua inalizibia masikio, projekta inaiua kabisa.

Namba tatu: king'amuzi

Kwa nyumba yenye bibi, watoto na shemeji, hii ingekuwa ya kwanza. Azam ina Sinema Zetu kwa filamu za nyumbani, DStv ina Maisha Magic Bongo kwa tamthilia, na zile za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili zimewafanya wazee wa Ujiji niwajuao wafunge kahawa mapema. Ni njia pia ambayo hela yako ina uwezekano wa kumfikia aliyetengeneza picha, jambo ambalo namba moja yangu, nakiri, haliwezi kujisifia.

Kasoro yake msimu huu ni wingu. Mawimbi yanayotumiwa na madishi haya madogo yanamezwa na mvua kubwa, kwa hiyo radi ikianza kuongea upande wa Kongo, jiandae kuona skrini inagandaganda kisha ujumbe wa hakuna mawimbi. Si ubovu na fundi hawezi kuutibu. Anachoweza ni kulifunga dishi kwenye nguzo ya chuma badala ya bati linalotikisika, na kuziba viungo vya waya maji yasiingie. Mwite sasa, kabla ya Novemba. Mvua zikishakolea mafundi wanapandisha bei, na wana haki, maana wao ndio wanaopanda juu.

Namba nne: flash

Vijana watanikasirikia, kwao hii ndiyo sinema yenyewe. Unaingia dukani, unapewa orodha kwenye kompyuta, unaonyesha kidole, dakika kumi baadaye umebeba wikiendi nzima mfukoni. Bei ni ya chini na mvua hailigusi faili.

Ila ni soko la bahati nasibu. Msimu huu Wamarekani hutoa picha zao kubwa za mwisho wa mwaka, na kinachofika flash kwanza ni kopi ya kamera, iliyoibwa ndani ya ukumbi. Niliwahi kuuziwa moja ambapo mtu anakatiza mbele ya skrini kwenda msalani, na baada ya muda anarudi. Subiri wiki kadhaa, kopi safi itakuja. Dai uonyeshwe katikati ya picha, si mwanzo. Mwanzo huwa mzuri siku zote.

Ya kiufundi ni haya. TV nyingi za zamani hazisomi faili la x265, video iliyobanwa kwa njia mpya: utapata sauti na kiza. Sauti ya aina ya DTS nayo inakupa kinyume chake, picha bubu. Omba MP4 ya kawaida. Faili linalozidi GB 4 haliingii kwenye flash iliyofomatiwa FAT32. Na flash ya bei ya kutupa iliyoandikwa TB 2 si TB 2. Ijaze yote, kisha fungua picha ya mwisho. Ikigoma, umenunua kibandiko.

Na haki ya mwenye picha? Sheria ya Hakimiliki ya 1999 iko wazi kwamba kunakili bila idhini ni kosa. Enzi za DVD tulizoea kutafuta stempu ya TRA kwenye jalada. Flash haina jalada. Picha za Kibongo mimi sizijazi huko. Ukiniuliza kwa nini za Wamarekani nilizijaza, nitabadilisha mazungumzo.

Namba tano: bando

Fupi. Saa moja ya video kwa ubora wa 480 inakula kati ya nusu GB na GB 0.7, hivyo GB 1 haimalizi picha ya Kihindi. Ukiacha programu ijichagulie ubora wenyewe, itapanda na utaishiwa kwenye dakika ya arobaini. Weka 480 kwa mkono wako, pakua usiku kama bando lako lina saa za usiku, na soma linaisha saa ngapi kabla hujanunua. Kwa mtu aliyelala wodini au mlinzi wa zamu, linafaa. Kwa Jumamosi ya watu wawili wanaobanana kwenye kioo cha inchi sita, nendeni banda.

Nje ya orodha: kupanda treni

Wapo wanaosema sinema ni ukumbi au si sinema, kama ule wa Mlimani City, Dar. Sawa. Reli ya kati kutoka hapa hadi Dar ni kama kilomita 1,250, na treni ya umeme kwa sasa inaishia Dodoma, kwa hiyo sehemu kubwa ya safari utaihesabu kwa vituo na mihogo ya dirishani. Mjomba wangu mmoja alikwenda kwa shughuli zake, wanawe wakamnunulia tiketi ya picha ya usiku. Alirudi Ujiji akiisifia wiki nzima. Tulipombana atusimulie, akasema ule ubaridi na kile kiti, baada ya siku zote za treni, alisinzia kabla majina ya waigizaji hayajaisha kupita.