Fanicha za shiti ya kukunja: ipi ununue hapa Kigoma

Watu wengi wakienda kuangalia shelfu au meza ya bati pale Mwanga wanagonga kwa kidole, ikilia nzito wanalipa. Mi nasema angalia mikunjo kwanza. Unene unasaidia ndio, ila nguvu ya fanicha hizi, zinazoundwa kwa kukunja shiti tambarare iwe ya chuma au ya mbao, iko kwenye kukunjwa kwake, si unaona bati la mgongo linavyombeba fundi juu ya paa, wakati shiti tambarare ya unene uleule ukiishika ncha mbili inalegea katikati.

Namba moja: chuma cha geji 18. Hiyo ni kama milimita 1.2, na kumbuka namba ya geji ikipanda shiti inakuwa nyembamba, kwa hiyo usifurahie ukiambiwa geji 22. Shiti nzima ya futi 4 kwa 8 ya geji 18 ina kama kilo 28, sasa ukiambiwa meza imekula shiti nzima halafu unainyanyua kwa mkono mmoja, ongea na muuzaji vizuri. Pitisha mkono kwenye ukingo wa mbele wa shelfu: ushuke chini kama sentimita 3 halafu urudi tena kwa ndani, ule mkunjo wa pili ndo unazuia shelfu isibonyee ukiweka magunia, na ndo unaokuokoa usikatwe vidole. Kwenye kona angalia kama fundi alitoboa au kukata kidogo kabla ya kukunja, asipofanya hivyo shiti inavutika na kupasuka. Na rangi jamani, huku kwetu unyevu wa ziwa hauna utani, kutu inaanzia ndani ya mkunjo ambako brashi haikufika, chungulia huko na tochi ya simu. Ukipata ya mabati ya zinki ni nzuri zaidi, ila palipochomelewa zinki imeungua, lazima papakwe rangi, iliyofungwa kwa riveti inakuepushia hilo.

Namba mbili ni plaiwudi. Yenyewe haikunjiki hivihivi, fundi anachana mistari upande wa ndani karibu afikie tabaka la mwisho, anatia gundi, anakunja. Ikitoka vizuri ndo nzuri kuliko zote kwa macho, sebuleni inapendeza kweli. Tatizo pale kwenye mkunjo mbao karibu zote zimeshaondoka, kwa hiyo kama uzito unakaa hapohapo na hakuna kipande kilichoongezwa kwa nyuma, achana nayo. Uliza pia gundi kama inastahimili maji.

Tatu, aluminiamu. Ina kama theluthi tu ya uzito wa chuma na hailiwi na kutu, mtu wa Kibirizi karibu kabisa na maji anaweza kuipandisha iwe ya kwanza na sitabishana naye. Lakini kwa unene uleule inapinda kirahisi karibu mara tatu ya chuma, kwa hiyo iwe nene, na upande wa nje wa mkunjo tafuta nyufa ndogondogo maana ikikunjwa kwa kona kali inapasuka. Ikivunjika ujue si kila mwenye mashine ya kuchomelea anaiweza.

Nne MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Ikinywa maji inavimba, basi.

Ya mwisho katoni ngumu, na usicheke, miaka ya 1960 Mwingereza Peter Murdoch alibuni kiti cha mtoto cha karatasi ngumu, kinauzwa tambarare mnakikunja wenyewe nyumbani. Kwa kuchezea mtoto sawa, lakini masika haya uiweke wapi?

Kama unaagiza kwa fundi badala ya kununua iliyokwisha tengenezwa, mwambie akukunjie kwanza kamfano kwa karatasi ya manila, akishindwa kukunja manila ikasimama usimpe advansi ya shiti.