Uanachama wa IASL kwa Mkutubi Mpya wa Shule

Katika shule nyingi mkutubi ni mmoja tu. Mwalimu wa hisabati akikwama humgeukia mwenzake aliyeketi meza ya pili, lakini mkutubi hana wa kumgeukia, kwa kuwa hakuna mwingine shuleni anayejua kwa nini, katika mpango wa Dewey wa kuvipa vitabu namba kulingana na mada, kitabu cha ndege wa porini hukaa 598 na cha kuku hukaa 636. Nilipoanza kazi hii nilitafuta wenzangu kabla ya kutafuta vitabu, na mlango wa kwanza nilioubisha ulikuwa wa Chama cha Kimataifa cha Ukutubi wa Shule, kinachojulikana zaidi kwa kifupi chake, IASL. Tathmini hii inamhusu mtu aliye katika mwaka wake wa kwanza au wa pili wa kazi. Mkongwe huenda akakipima chama hicho kwa mizani nyingine.

IASL iliasisiwa mwaka 1971 nchini Jamaika. Wanachama wake ni wakutubi mmoja mmoja, wahadhiri wa ukutubi na vyama vya nchi mbalimbali, na ulimwengu umegawanywa katika kanda, kila kanda ikiwa na mkurugenzi wake. Kwa mgeni, mkurugenzi wa kanda ndiye mtu wa kwanza kumwandikia, maana ndiye anayejua nani anafanya kazi wapi. Kuna pia mkutano wa kila mwaka unaohamahama kati ya nchi, ambao ni mzuri kwa anayeweza kulipia nauli na kupewa ruhusa ya kuondoka shuleni, watu ambao kwa kawaida si wageni kazini.

Huduma ambayo ningeiweka mbele ya nyingine zote wengi huiona kuwa mchezo wa watoto. Oktoba ni Mwezi wa Kimataifa wa Maktaba za Shule, na katika mwezi huo IASL huendesha mradi wa kubadilishana vialamisho vya vitabu, yaani vikaratasi vya kuwekea alama ukurasa uliofikia: shule hujiandikisha, ikapangiwa shule ya nchi nyingine yenye wanafunzi wa umri na idadi inayokaribiana, kisha watoto hutengeneza vialamisho juu ya mada ya mwaka huo na kupelekeana. Watoto hufurahi, naam, lakini faida kubwa ni ya mkutubi. Badala ya kujitambulisha kwa umati usiomjua, anapata mwenzake mmoja mwenye sababu ya kumjibu, kwa kuwa wote wawili wana kazi ya kukamilisha na tarehe ya kuikamilisha. Mwenzangu niliyepangiwa, katika barua yake ya pili tu, aliniuliza tunafanyaje na watoto wasiorudisha vitabu mwisho wa muhula. Vialamisho vikasahaulika, mazungumzo yakaendelea.

Jambo la pili lenye uzito ni mwongozo wa maktaba za shule, toleo la pili la mwaka 2015, ambao chama hiki kilishirikiana na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, kuuandaa. Mwongozo huo unazitaja kazi za mkutubi wa shule kuwa kufundisha, kusimamia maktaba, kuongoza na kushirikiana na walimu, na kuishirikisha jamii. Mkutubi anayeombwa kila siku kuwalinda wanafunzi waliotolewa darasani kwa utovu wa nidhamu ataona faida ya kuwa na maandishi hayo mkononi anapokwenda ofisini kwa mwalimu mkuu. Hata hivyo, haki inanilazimu kusema kwamba mwongozo hupatikana bila malipo, hivyo hauwezi kuwa sababu ya kulipa ada. Kuhusu jarida la chama, School Libraries Worldwide, linalotoka tangu 1995, ni la watafiti, na mkutubi mpya anaweza kuliahirisha bila hasara.

Upungufu upo. Shughuli nyingi huendeshwa kwa Kiingereza, na kikao kinachofaa mchana kwa bara moja huangukia usiku wa manane kwa jingine. Lakini upungufu mkubwa zaidi unatokana na umbali wenyewe. Katika muhula wangu wa pili niliondoa rafuni vitabu vya sayansi vilivyopitwa na wakati, nikifuata kanuni zote nilizosoma, na kesho yake mwalimu wa fizikia akaja kuulizia kimoja ambacho alikuwa akitumia michoro yake kwa miaka mingi. Hakuna chama cha kimataifa ambacho kingenisaidia asubuhi ile. Aliyenisaidia ni mkutubi wa shule ya jirani, kwa simu ya dakika tano: vitabu vinavyoondolewa viwekwe kwanza kwenye meza ya chumba cha walimu kwa wiki mbili, na orodha yake ibandikwe ukutani. Tangu siku hiyo, hiyo ndiyo desturi yangu.

Kwa sababu hiyo, anayefanya kazi katika nchi yenye chama chake cha wakutubi wa shule, kama Uingereza ambako kipo tangu 1937 au Marekani ambako kipo tangu 1951, ningemshauri aanze na hicho, na awajue kwa majina na namba za simu wakutubi wawili au watatu walio karibu naye, akiwemo wa maktaba ya umma. IASL ifuate baada ya hapo. Kwa yule ambaye nchi yake haina chama chochote ningegeuza mpangilio huo: ajiunge na IASL mapema, amwandikie mkurugenzi wa kanda akimweleza idadi ya wanafunzi na hali ya maktaba yake, na aiandikishe shule kwenye mradi wa vialamisho mapema kabla ya Oktoba, kwa kuwa kumpangia kila mmoja mwenzake huchukua muda.