Uzoefu wangu na traka ya nyota: anga imetulia, mlima umekimbia

Niliinunua traka hii ndogo kwa kuchoshwa na nyota zenye mikia. Dunia hujizungusha digrii 15 kila saa, na kwa lenzi yangu ya milimita 135, shata (kifuniko kinachoingiza mwanga kwenye kamera) ikikaa wazi zaidi ya sekunde 3 hivi kila nyota hurefuka kama punje ya mchele. Traka huizungusha kamera taratibu kuifuata anga. Usiku wa kwanza uliokubali nilipiga Kilimia, lile kundi la nyota, kwa dakika 2, nikaikuza picha kwenye skrini hadi mwisho. Nukta tupu! Hata ule ukungu wa buluu unaozizingira nyota zake ulikuwa umejitokeza. Nilishangilia peke yangu gizani.

Nimesema uliokubali kwa sababu usiku mitatu iliyotangulia ilipotea bure. Lazima mhimili wa traka uelekee ncha ya anga, yaani ile sehemu ambayo anga yote huonekana kuizunguka. Wanaotumia ncha ya kaskazini wana nyota Polaris, ambayo haiachani na ncha hiyo hata kwa digrii moja. Mimi natumia ya kusini, na huko kuna Sigma Octantis, nyota hafifu ambayo mwezi ukichomoza tu huioni tena. Ukishaipata kwa taabu, unakaza skrubu ya kimo, kichwa cha traka kinacheza, nyota inatoka kwenye alama. Siku hizi nalenga juu kidogo makusudi ili nikikaza ishukie mahali pake. Kwa kifaa kipya hilo si la kuvumiliwa. Hapo nimekata nyota moja kati ya tano za alama ninazoipa traka hii.

Jambo ambalo kijitabu chake hakigusi kabisa: traka ikiwaka, ardhi ndiyo inayokimbia. Picha yangu ya kwanza ya Njia ya Maziwa juu ya mlima, anga ilitoka safi, mlima kingo zote zimevurugika. Kwa hiyo mpenda mandhari hupiga mara mbili bila kugusa stendi, anga traka ikizunguka, kisha ardhi traka ikiwa imezimwa, halafu anaziunganisha kwenye kompyuta. Mgongo wa mlima mtupu hauna shida. Mti wenye matawi membamba? Nilikesha nao, na bado ukitazama kwa makini unaona nyota zimekaa ndani ya jani.

Betri humaliza usiku mzima. Kinachoniangusha ni umande, kwa hiyo mkanda wa kupasha lenzi joto sasa hautoki begini.

Kama lenzi yako ni pana, tuseme milimita 14, usihangaikie traka bado. Sekunde 25 kwenye stendi ya kawaida zinakutosha, na mlima wako hautaenda popote.